Kiasi cha Bunduki: Uhakiki wa Msamiati wa Silaha katika Kamusi za Kiswahili

Kamusi hupimwa vizuri zaidi kwa maneno ya vyombo kuliko kwa maneno ya maadili. Neno kama huruma laweza kufasiriwa kwa njia nyingi, na msomaji akaridhika na kila mojawapo. Lakini chombo kina sehemu zake, na kila sehemu ina kazi yake; mfasiri akikosea sehemu moja, mwenye kukitumia chombo hutambua upesi, na pengine kwa hasara. Bunduki ni chombo cha namna hiyo. Kiswahili kilipata mapema msamiati uliokamilika wa mtu mwenye bunduki yake, yaani mtu aijazaye, aisafishaye, aitengenezaye na kuipamba. Msamiati huo umeachwa kufifia, na watungaji wa kamusi hawawezi kukwepa sehemu yao ya lawama.

Yafaa kuanza na jina lenyewe. Bunduki limetoka katika Kiarabu, ambako bunduq kwanza lilikuwa jina la kokwa dogo gumu la kuliwa, kisha likawa jina la kidonge kilichorushwa kwa uta, na baadaye ndipo jina likahamia kwenye silaha ya moto. Mzinga nao, kabla ya kuwa silaha ya kulinda ngome, ulikuwa gogo lililochimbwa ndani ili nyuki wapate kukaa. Kasiba ni neno la Kiarabu lenye maana ya tete au mwanzi. Basi tangu mwanzo majina ya silaha yalihama kwa kufuata umbo: kitu cha duara, kitu chenye uwazi, kitu kirefu chenye tundu. Hapana kasoro katika kuhama huko, kwani wasemaji walijua wanachokitazama.

Ustadi wa wasemaji huonekana zaidi katika kupambanua aina. Kiswahili cha pwani hakikugawa bunduki kwa nchi zilikotoka wala kwa majina ya waliozitengeneza, bali kwa namna zinavyoshika moto. Kulikuwa na bunduki ya mrao, ambayo baruti yake huwashwa kwa utambi unaofuka. Kulikuwa na bunduki ya gumegume, ambayo hutoa cheche kwa jiwe. Na kulikuwa na bunduki ya fataki, ambayo huwashwa kwa kikombe kidogo cha madini chenye dawa ya kulipuka, kinachopondwa na nyundo ya mtambo. Zote tatu, kwa kuwa hujazwa kwa mdomoni, zaweza kukusanywa chini ya jina la gobore. Mtu akiyapanga majina hayo matatu kwa taratibu, amekwisha kuisoma historia ya silaha hiyo kwa muda wa miaka mia tatu na zaidi, na kila jina humwambia jinsi chombo kinavyofanya kazi.

Historia ya pwani yaeleza kwa nini majina hayo yalidumu. Katika mkataba wa mwaka 1833 baina ya Seyyid Said bin Sultan na Marekani, biashara ilifunguliwa, ila bunduki, baruti na risasi katika kisiwa cha Unguja zilikuwa haziuzwi kwa mtu mwingine isipokuwa serikali. Katika bandari nyingine za Sultani ziliuzwa bila kizuizi. Baadaye Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890 ulizuia silaha za kisasa katika sehemu ya Afrika iliyo kati ya digrii 20 kaskazini na digrii 22 kusini, lakini ukaacha nafasi kwa bunduki za gumegume zisizo na mifereji ndani ya kasiba, pamoja na baruti ya kawaida ya biashara. Kwa hiyo wakati majeshi ya Ulaya yalipokuwa yamekwisha kuiacha gumegume, sheria yenyewe iliibakiza mikononi mwa Waafrika. Gobore halikudumu barani kwa sababu ya uzito wa akili za wenyeji, kama walivyopenda kusema baadhi ya wasafiri. Mkataba uliofungwa mbali nao ulikuwa na sehemu kubwa katika jambo hilo.

Mwenye gobore alikuwa na kazi nyingi, na kila kazi ilikuwa na neno lake. Alipima baruti, akaimimina katika kasiba, akatia risasi moja au marisau mengi madogo, kisha akashindilia kwa mdeki. Alitazama mtambo usilegee, na kitako kisipasuke. Baada ya kupiga aliosha kasiba kwa maji, akakausha, akapaka mafuta, kwani masizi ya baruti nyeusi hunywa unyevu wa hewa, na katika hewa ya pwani kutu haingoji. Na penye mali palikuwa na mapambo. Bunduki za mrao za Oman, zenye kasiba ndefu na kitako chembamba, zilivikwa pete na mabamba ya fedha yaliyotiwa nakshi. Robert Elgood amezieleza katika kitabu chake cha mwaka 1994 juu ya silaha za Arabuni. Hata leo katika soko la Nizwa wanaume hukutana kuuziana na kubadilishana bunduki za kale, wakizikagua kitako na mtambo, na fedha iliyozizunguka. Kwao bunduki ni pambo na urithi pia, wala si silaha tu.

Kamusi zimeyafanyia nini maneno haya? Edward Steere, ambaye kitabu chake cha mwongozo wa Kiswahili cha Unguja kilitoka mwaka 1870, na A. C. Madan katika kamusi yake ya mwaka 1903, na Frederick Johnson aliyeijenga kamusi ya mwaka 1939 juu ya msingi wa Madan, wote wanastahili shukrani, kwani bila wao mengi ya maneno hayo yangalipotea. Lakini njia yao ina upungufu. Walimwandikia Mwingereza, na Mwingereza wa zama zao alilijua gobore. Ilitosha kumpa neno moja la Kiingereza mbele ya mdeki, naye akaona kwa macho ya moyo ufito wa kushindilia. Msomaji Mswahili wa leo, ambaye hajapata kuona gobore likijazwa, akifungua ukurasa huo hapati ila neno la kigeni lisilojulikana kwake kama lile la kwanza. Tangu ilipotoka Kamusi ya Kiswahili Sanifu mwaka 1981, lugha imekuwa na kamusi kubwa ya kujifasiria yenyewe, na udhuru huo haupo tena. Isitoshe, taratibu ya alifabeti humtenga fataki na gumegume, na mdeki na kasiba, hata msomaji asijue kwamba vitu hivi ni jamaa moja.

Upungufu huo haungekuwa na madhara makubwa lau chombo kingebaki kile kile. Walakini katika karne ya 19 mafundi wa Ulaya na Marekani waliunganisha vitu vinne katika kimoja: ganda la shaba, fataki katika kitako cha ganda, baruti ndani yake, na risasi mdomoni. Kiswahili kilikuwa na neno tayari kwa kitu cha jinsi hiyo. Steere aliandika kiasi cha bunduki, yaani kipimo kilichokwisha kutengwa kwa pigo moja. Ni neno zuri, kwani halisemi kitu kimetengenezwa kwa nini, bali husema kazi yake. Hata hivyo halikushika. Mahali pake palichukuliwa na risasi, neno ambalo asili yake ni madini yenyewe, kisha likawa kidonge cha madini hayo, kisha likameza ganda, fataki na baruti, na mwishowe likawa hata mlio, kama isemwavyo kwamba risasi zimesikika usiku. Mwendo huu si mgeni: kiberiti nacho kilikuwa jina la madini ya manjano kabla ya kuwa kijiti cha kuwashia moto. Wala si Waswahili peke yao waliochanganya, kwani Waingereza wa kawaida nao huita kitu kizima kwa jina la ncha yake. Tofauti ni kwamba fundi wao akihitaji kupambanua, kamusi yake humpa maneno.

Fataki, kwa upande wake, ilikimbia kazi yake ya kwanza. Leo wengi huijua kuwa ni moto wa sherehe angani. Na kuelekea mwisho wa miaka ya 2000 kampeni ya redio nchini Tanzania iliifanya kuwa jina la mwanamume mtu mzima anayewarubuni wasichana wa shule. Maana mpya ni halali na ina nguvu. Ila haifai maana ya kwanza iandikwe kana kwamba imekufa pamoja na gobore, hali kila risasi ya kisasa inabeba fataki nyuma yake.

Hapa ndipo watu wenye kupenda bunduki kwa ajili ya burudani wanapotoa ushahidi wa maana. Huko Marekani wako wengi wanaookota maganda yao baada ya kulenga shabaha, wakayasafisha, wakang'oa fataki iliyokwisha kupigwa, wakatia mpya, wakapima baruti kwa mizani midogo, kisha wakakaza risasi juu yake. Wako pia wapenzi wa bunduki za kujazwa kwa mdomoni. Chama chao cha taifa kiliundwa mwaka 1933, na makao yake yako katika kijiji cha Friendship, jimbo la Indiana. Wa kwanza hukitenganisha tena kile kilichounganishwa na kiwanda. Wa pili hawakukubali kiunganishwe. Mswahili anayeishi kati yao, akitaka kueleza kwa lugha yake anachokifanya mezani, hana haja ya kubuni hata neno moja. Ganda, fataki, baruti, risasi, kiasi: yote yapo. Maneno yanayodhaniwa kuwa ya babu ndiyo yanayoifaa kazi ya kisasa kabisa.

Jambo hili si la kupendezesha lugha tu. Neno baruti leo hufunika vitu viwili. Kipo kile cheusi cha kale. Na kipo kile kisicho na moshi, kilichotengenezwa na Mfaransa Paul Vieille mwaka 1884, ambacho nguvu yake ni ya namna nyingine. Mtu akitoa baruti ya pili katika risasi ya kisasa na kuijaza katika gobore kwa kipimo cha ile ya kwanza, kasiba yaweza kupasuka usoni pake. Onyo lisemalo tu kwamba gobore hujazwa baruti ni kweli kwa lugha na ni uongo kwa usalama. Kadhalika mahakamani: mtu aliyekutwa na maganda matupu, na aliyekutwa na vidonge vya risasi bila baruti, na aliyekutwa na vitu vizima tayari kupigwa, wote huweza kuandikwa kuwa wamekutwa na risasi. Mwaka 2015 Tanzania ilitunga sheria ya kudhibiti silaha za moto na risasi. Neno la Kiingereza linalosimama mahali pa risasi katika jina la sheria hiyo ni neno la kukusanya, wala si jina la kidonge. Mkalimani asiyepewa tofauti hiyo na kamusi, ataipata wapi?

Yawezekana kujibiwa kwamba lugha ni ya wasemaji, na wasemaji wameridhika na risasi. Hoja hiyo ni kweli kwa kadiri yake. Hakuna anayetaka muuza magazeti aseme viasi vya bunduki vimesikika. Lakini kazi ya kamusi si kumzuia msemaji wa njiani. Kazi yake ni kumhifadhia fundi, hakimu na mfasiri zile tofauti ambazo njiani hazihitajiwi. Risasi lipewe maana zake kwa nambari, ya madini, ya kidonge, ya kitu kizima na ya mlio. Ganda na fataki zielekezwe kwake, nalo lielekezwe kwao. Baruti nyeusi itengwe na baruti isiyo na moshi. Kiasi cha bunduki kirudishwe, walau kwa alama ya neno la ufundi, ili kipate kujaribiwa. Na mrao, gumegume na fataki ziwekwe pamoja kwa maelezo ya Kiswahili yanayomfanya msomaji aone moto unavyoshika.

Kazi hii yahitaji kufanywa kwa masikio kabla ya kalamu. Wawindaji wazee wa bara ambao wamewahi kujaza gobore kwa mkono, na familia za Unguja na za Waomani wasemao Kiswahili huko Muscat zenye bunduki za mababu ukutani, ndio wenye maneno yasiyoandikwa: jina la pete ya fedha inayoshika kasiba, jina la kitambaa cha kusafishia, jina la ufa mdogo kitakoni. Mtafiti akienda kwao na maswali ya vita, atapewa majibu ya vita. Aende akiwaomba wamwonyeshe jinsi ya kuisafisha.