Wapimaji wa Mifumo ya Afya

Upimaji wa ulinganifu ni kazi ya kuhakikisha kwamba programu zilizoundwa na watu tofauti zinafuata kanuni moja za kubadilishana taarifa. Nchini Kenya, Sheria ya Afya ya Kidijitali ya 2023 iliweka msingi wa kazi hiyo katika mifumo ya afya.

Umuhimu wake ni rahisi kuuona katika Kaunti ya Kwale. Mjamzito anayehudhuria kliniki Diani huenda akapewa rufaa ya Hospitali ya Msambweni. Mifumo ya pande mbili isiposomana, kundi lake la damu na orodha ya dawa zake hubaki nyuma.

Mpimaji huandika mgonjwa wa kubuni, kisha humtuma kutoka mfumo mmoja hadi mwingine. Hujaza tarehe 30 Februari, ambayo lazima ikataliwe. Huingiza Mwanakombo wawili waliozaliwa siku moja, ili aone kama watachanganywa. Huandika jina Ng'ang'a, kwani ritifaa huweza kuivuruga programu iliyoundwa ovyo. Hukata mtandao katikati ya safari, halafu huurudisha, aone kama rekodi imepotea au imeingia mara mbili. Kosa likirekebishwa, majaribio hurudiwa yote, kwa sababu rekebisho moja huweza kuharibu kwingine. Toleo jipya nalo hupimwa upya.

Mfumo ukifaulu hupewa cheti, lakini cheti hicho hakisemi kwamba hauna kasoro. Husema umefaulu majaribio yaliyoorodheshwa. Daktari anayefungua rekodi iliyofika kamili ana deni kwa watu asiowajua, na mgonjwa wake vilevile.