641: Kigawo Kilichomponyoka Fermat

Chukua 2, ongeza 1, unapata 3. Zidisha 2 kwa yenyewe iwe 4, ongeza 1: 5. Ile 4 nayo ukiizidisha kwa yenyewe ni 16. Ongeza 1, ni 17. Ukiendelea hivyo utafika 257, kisha 65,537. Zote tano ni namba tasa. Mwaka 1640 Pierre de Fermat, mwanasheria wa Toulouse, Ufaransa, aliwaandikia wenzake kwamba anaamini mlolongo huo hautatoa ila namba tasa, ingawa uthibitisho hakuwa nao.

Ya sita ni 4,294,967,297. Hiyo ndiyo iliyomwangusha.

Christian Goldbach alimdokezea Leonhard Euler suala hilo kwa barua mwaka 1729. Mwaka 1732, akiwa Saint Petersburg na umri wa miaka 25, Euler alitangaza kwamba 641 inaigawa namba hiyo bila baki. Jinsi alivyoipata hakusema. Maelezo yalikuja miaka mingi baadaye.

Mtu wa kupapasa angejaribu tasa moja baada ya nyingine hadi kwenye kipeuo cha pili cha namba hiyo, yaani karibu 65,536. Chini ya hapo kuna tasa 6,542. Euler alizichuja kwanza.

Tuseme tasa fulani inaigawa namba yetu, ambayo ni 2 kwa kipeo cha 32 ukiongeza 1. Basi 2 kwa kipeo cha 32 imepungukiwa 1 tu ili igawanyike kwa tasa hiyo, na 2 kwa kipeo cha 64 itaacha baki 1. Kwenye hatua ya 32 baki haijawa 1, kwa hiyo mabaki ya vipeo vya 2 hujirudia kila baada ya hatua 64 kamili. Lakini kuna kanuni nyingine: kipeo kikiwa ni tasa yenyewe ukitoa 1, baki huwa 1 pia. Ili mizunguko hiyo miwili ilingane, tasa ukitoa 1 lazima igawanyike kwa 64.

Chujio hilo halibakizi nyingi: 193, 257, 449, 577, 641. Jaribio la tano tu! Kwa kupapasa kuanzia 2, tasa 641 ingekuwa ya 116.

Hesabu yenyewe inaenea kwenye kipande cha karatasi. Namba yetu ni 65,536 mara 65,536, ongeza 1. Gawanya 65,536 kwa 641: mara 102, baki 154. Zidisha 154 kwa 154, unapata 23,716. Sasa 641 mara 37 ni 23,717. Imepungua moja, na ile 1 inayoongezwa mwishoni inaziba pengo hilo. Namba ya Fermat ni 641 mara 6,700,417, zote mbili tasa.

Na kanuni ile ya baki 1? Ni ya Fermat mwenyewe, ameiandika katika barua ya mwaka uleule wa 1640. Baada ya 65,537, hadi leo haijapatikana tasa nyingine katika mlolongo wake.