Kibanja si Kiwanja

Mfasiri huponzwa zaidi na maneno yanayofanana na ya kwao kuliko yaliyo mageni kabisa. La kigeni humlazimisha aulize, linalofanana humlaghai. Mimi nililaghaiwa na neno kibanja. Nililikuta katika simulizi za Karagwe nikaliandika "kiwanja", nikaendelea na safari. Mzee mmoja Mnyambo, mkaazi wa hapa Unguja, aliyenisikiliza nikiisoma tafsiri ile alinisimamisha: "Hapa umetukatia migomba yote, bwana." Kauli hiyo ndiyo iliyonichukua mpaka Kayanga.

Kwetu visiwani kiwanja ni mahali patupu panapongoja jengo. Kibanja cha Wanyambo na Wahaya kimejaa kabla ya nyumba: migomba, mibuni chini ya migomba, maharage chini ya mibuni, mtoma ambao gome lake lilikuwa nguo, na pembezoni mulamula, mti wa mpaka, ambao jina lake halimtatizi yeyote anayejua kuamua magomvi. Katikati ya hayo ndipo uliposimama msonge, fito na matete yaliyofungwa kwa kamba, nyasi tangu kileleni mpaka ardhini, bila ya kutenga paa na ukuta. Nyasi zilitoka mbugani walikochungwa ng'ombe, samadi ya ng'ombe ikalisha migomba, na mgomba ukatoa kamba. Nyumba ilikuwa ubeti mmoja katika utungo mrefu.

Nayasema haya kwa sababu ya kile kinachoitwa siku hizi uhifadhi wa usanifu wa asili. Mwaka 2019 zilitangazwa hifadhi mbili za taifa katika pande hizo, Rumanyika-Karagwe na Ibanda-Kyerwa. Wageni watataka pa kulala, na mtindo wa nyumba za kuwalaza tunaujua sote, maana umetuzunguka hapa pwani: duara la saruji, kofia ya makuti, mara nyengine makuti yenyewe ya plastiki. Ni kazi ya mtu aliyehesabu mizani nane kwa nane, akapanga vina vya kati na vya mwisho, akawa hana neno la kusema. Kwa sheria za bahari, ni shairi. Mimi silisomi mara ya pili.

Wala tusimsingizie utandawazi kila kitu, kana kwamba umefika jana. Speke na Grant, waliotoka Unguja na Sidi Mubarak Bombay, walipofika kwa Mukama Rumanyika mwaka 1861, wafanyabiashara wa Kiarabu walikuwa wamekwisha kuwa na kituo chao Kafuro. Nguo na shanga ziliingia, pembe zikatoka. Kibanja kilibaki.

Na mwenye bati simlaumu. Paa la nyasi hutaka kurudiwa kila mara, nyasi zenyewe zimekuwa haba, na bati humkingia mama maji ya mvua asiyafuate bondeni. Mnyauko wa bakteria ulioingia Kagera mwaka 2006 uliwafanya wengi waing'oe migomba yao kwa mikono yao; asiye na mgomba ataitoa wapi kamba? Tetemeko la tarehe 10 Septemba 2016, la kipimo cha 5.9, liliangusha nyumba nyingi za matofali mkoani humo. Wazee niliozungumza nao walikiri kuwa msonge ungelistahimili. Hakuna hata mmoja aliyesema angependa kurudi kuishi ndani yake.

Basi tunachoweza kumdai msanifu si umbo la duara. Achore kwanza kivuli, ndipo achore nyumba. Ajue maji ya paa yanakwenda kwenye mgomba gani, na mpaka aupande badala ya kuujenga kwa seng'enge. Kyerwa, wilaya iliyomegwa kutoka Karagwe mwaka 2012, ingali changa. Ofisi, shule na zahanati nyingi bado hazijajengwa. Ofisi ya bati na matofali iliyoiacha migomba isimame ina haki zaidi ya kuitwa ya Kinyambo kuliko msonge wa saruji katikati ya changarawe.

Tafsiri yangu nimeirekebisha. Nimeliacha neno kibanja kama lilivyo, pasi na maelezo. Juzi mswada umerudi kutoka kwa mhariri, na kila lilipo ameandika pembeni kwa wino mwekundu: "kiwanja?"