Ufundi wa Kuinuka Kitini

Mtu aliyezoeana na ugonjwa wake wa Parkinson haanzi kuinuka kitini kwa miguu. Anaanza kwa kusogea mbele, tako moja baada ya jingine, mpaka ukingoni mwa kiti. Anarudisha nyayo nyuma, usawa wa magoti au zaidi kidogo, na kuzitanua. Anainama mpaka pua ivuke vidole vya miguu, anajiyumbisha mara moja, mara ya pili, na ya tatu anasukuma mikono ya kiti na kusimama. Akishasimama hatoki hapo. Anasubiri kidogo, kwa sababu wagonjwa wengi presha yao hushuka wanaposimama, na kizunguzungu kikiwakuta katikati ya hatua wanaanguka.

Mama yangu mkubwa, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi huko Machame, hupita hatua zote hizo bila mgeni kutambua kwamba kuna kazi inafanyika. Mimi huwa namwangalia kwa heshima ileile ninayompa seremala mzuri.

Kinachoharibika ni chembe za ubongo zinazotengeneza dopamini, na dalili zinapoonekana sehemu kubwa ya chembe hizo huwa imeshakufa. Watu huona mkono unaotetemeka, lakini hasara kubwa iko kwingine: mwili unapoteza mambo uliyokuwa ukiyafanya wenyewe bila kuamriwa. Hatua zinafupika, mkono mmoja unaacha kupunga wakati wa kutembea, mwandiko unasinyaa. James Parkinson aliyaeleza mengi ya hayo London mwaka 1817, kwa kuangalia watu sita tu, baadhi yao wapita njia aliowaona barabarani. Alichokiona bado kinasomeka kana kwamba kimeandikwa leo.

Basi kila jambo lililokuwa likijiendea, mama mkubwa sasa hulifanya kwa makusudi. Mwandiko ni mfano mzuri. Kwenye karatasi tupu herufi zake huanza za kawaida na kuishia kama punje za ulezi. Akipewa daftari la mistari mipana, lile la darasa la kwanza, na akaamua kwamba kila herufi iguse mstari wa juu na wa chini, mwandiko unarudi. Miaka yote aliwasimamia watoto waguse mistari hiyo, na sasa anajisimamia mwenyewe kwa ukali uleule.

Mlangoni ni vivyo hivyo. Penye nafasi finyu miguu huganda, kana kwamba imegundishwa sakafuni, huku kiwiliwili kikitaka kuendelea. Kumvuta mtu mkono wakati huo ni kumwangusha. Mama mkubwa amebandika vipande vya selotepu nyekundu kwenye kizingiti na njia ya kwenda chooni, kimoja mbele ya kingine, vikiachana kwa urefu wa hatua yake nzuri. Akiganda husimama kabisa, huhamishia uzito mguu mmoja, kisha huvuka mstari. Ubongo ulioshindwa kutembea kwa mazoea unaweza bado kutembea kwa kulenga alama. Mwaka 2010 madaktari wa Nijmegen, Uholanzi, walichapisha habari za mwanamume aliyeshindwa kupiga hatua chache bila kuanguka, lakini akipanda baiskeli anaendesha vizuri kabisa. Pasipo na mstari, mama mkubwa huimba kimoyomoyo wimbo wa kwaya wenye mwendo wa kuandamana. Na akitaka kugeuka hajizungushi kwa kisigino. Anazunguka kwa upana kama lori la mizigo.

Vidonge navyo vina adabu yake. Levodopa, dawa iliyomo ndani yake, hupita tumboni na kuingia ubongoni kwa njia ileile inayotumiwa na protini, kwa hiyo kidonge kikikutana na maharage, nyama au maziwa, mara nyingi hushindwa kufika kwa wakati. Ndiyo maana yeye hukimeza nusu saa kabla ya kula, au saa moja baadaye, na kichefuchefu kikimjia hula kipande cha kiazi. Kengele ya simu hulia, na mazungumzo yoyote husimama. Daftarini ameandika saa ya kidonge, saa dawa iliposhika na saa ilipoanza kuisha nguvu. Daktari akilipata daftari hilo anajua cha kurekebisha. Asiyekuwa nalo huulizwa anaendeleaje, akajibu vizuri, wakaagana. Jirani aliwahi kumletea mbegu za upupu, na kweli zina levodopa ya asili. Lakini kiasi chake hubadilika toka mbegu hadi mbegu, na yeye anahesabu miligramu. Alishukuru, akaendelea na vidonge. Kuviacha ghafla ni hatari, na hilo kila aliye nyumbani mwake analijua.

Ustadi huu hauwezi kuanza kabla ugonjwa haujapewa jina. Utafiti uliopita nyumba kwa nyumba katika wilaya ya Hai, ambamo Machame imo, ulichapishwa mwaka 2008. Kati ya watu zaidi ya 160,000 walipatikana wagonjwa 33, na wengi wao hawakuwa wamewahi kuambiwa wanaugua nini. Nawafikiria sana hao: miaka ya kuitwa wazee, wazembe, au waliorogwa, na kidonge kipo duniani tangu enzi za wazazi wao.

Ninachokistahi zaidi ni uso wake. Misuli ya uso hukakamaa, tabasamu halitoki, na wageni hudhani amenuna. Wajukuu walianza kumwogopa. Akaamua kuyasema kwa mdomo yale ambayo uso haukuweza kuyaonyesha: “Nimefurahi mmekuja, wanangu. Uso wangu ndio mvivu.” Na anayasema kwa sauti kubwa, maana sauti nayo hufifia. Kila asubuhi husoma ukurasa mmoja kama yuko mbele ya darasa, hadi majirani wanasikia.

Vifungo vya gauni la kanisani bado vinampa taabu. Fundi alijitolea kuvitoa na kuweka zipu, akakataa. Ibada inaanza saa moja asubuhi, kwa hiyo Jumapili humeza kidonge saa kumi na moja na nusu alfajiri, na hagusi gauni mpaka dawa ishike. Ikifika saa kumi na mbili na robo vidole vinamtii. Anakaa ukingoni mwa kitanda, viwiko vimeegemea mapaja visiyumbe, anaanza na kifungo cha chini kabisa. Nikimwuliza kama nimsaidie, hunijibu, “Subiri nje.”