Utoto na Vita katika Riwaya ya Petit Pays

Wahenga walisema, wapiganapo tembo, ziumiazo nyasi. Kila tunapotaja watoto na vita, methali hii hutujia mdomoni, na sisi wenyewe tumeitumia zaidi ya mara moja katika mashairi yetu. Ni methali ya kweli, lakini haimalizi maneno. Nyasi hukanyagwa tu, hazina mikono. Mtoto anayo mikono, na vita vya wenyewe kwa wenyewe huitafuta mikono hiyo ili ivitumikie. Hilo ndilo funzo kubwa tulilolipata katika Petit Pays, yaani Nchi Ndogo, riwaya ya Gaël Faye iliyotolewa kwa Kifaransa mwaka 2016.

Mwandishi alizaliwa Bujumbura mwaka 1982, baba yake Mfaransa na mama yake Mnyarwanda, akahamia Ufaransa mwaka 1995. Mwaka kilipotoka, kitabu chake kilipata tuzo ya Goncourt ambayo washindi wake huchaguliwa na wanafunzi wa sekondari wa Ufaransa, vijana wa makamo ya vijana wetu. Nasi Watanzania tunayo sababu ya ziada ya kukisoma. Burundi ni jirani yetu. Wakimbizi wake wamepokelewa Kigoma na Kagera. Na mapatano ya amani yake yalitiwa sahihi Arusha tarehe 28 Agosti 2000, baada ya mazungumzo yaliyosimamiwa na Mwalimu Nyerere hadi alipofariki mwaka 1999, kisha na Mzee Nelson Mandela. Vita hivyo tulivisikia redioni. Riwaya hii inatuingiza uani mwa nyumba moja.

Mhusika mkuu ni Gabriel, aitwaye Gaby, mtoto wa miaka kumi. Yeye na rafiki zake huiba maembe ya majirani na kumwuzia mwenye maembe matunda yake mwenyewe. Mwezi Juni 1993 nchi inapiga kura. Tarehe 21 Oktoba Rais Melchior Ndadaye anauawa. Tarehe 6 Aprili 1994 ndege iliyowachukua marais wa Rwanda na Burundi inatunguliwa Kigali, na mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi yanaanza. Mama yake Gaby anakwenda Rwanda kuwatafuta jamaa zake, naye anarudi si yule aliyeondoka. Usiku humwamsha binti yake mdogo, Ana, ili amsimulie habari za maiti za watoto alizozikuta.

Ni rahisi kusema kwamba unyofu wa Gaby ulipotea siku bunduki zilipoanza kulia. Sisi twaona kwamba ulianza kupasuka mapema zaidi, katika kisa cha baiskeli. Baiskeli ya Gaby inaibwa na kuuzwa, nayo inafuatiliwa hadi shambani, kwa mtoto wa maskini ambaye wazazi wake wameinunua bila kujua. Innocent, dereva wa baba yake, ambaye jina lake lina maana ya asiye na hatia, anampokonya mtoto yule. Gaby amepata haki yake, lakini amepata na aibu, na furaha ya baiskeli imekwisha. Hapo hapajafyatuliwa hata risasi moja. Mwandishi ametuonyesha kwamba dhuluma hujifunzwa wakati wa amani, tena kwa kisingizio cha haki.

Kisa cha pili ni cha kutisha. Gaby hataki kuwa wa upande wowote, lakini rafiki zake wanakigeuza kichochoro chao kuwa ngome na kutafuta silaha. Wanaomvuta si majitu ya kuja. Ni wale wale wa maembe. Baba wa mwenzao mmoja anapouawa, mtu anayetuhumiwa anakamatwa, anafungiwa garini, na gari linamwagiwa petroli. Kiberiti kinawekwa katika mkono wa Gaby, naye anakirusha. Alilazimishwa, na msomaji analijua hilo. Yeye pia analijua, wala kujua huko hakumpunguzii mzigo.

Kwa upande wa fani, msimulizi ni mtu mzima anayeukumbuka utoto wake. Kicheko cha sura za mwanzo ndicho kinachozipa uzito sura za mwisho. Msomaji analia kwa kuwa kwanza alicheka. Hata hivyo, kitabu hakikosi kasoro. Mara nyingine mtoto wa miaka kumi hunena kwa busara ya mtu wa miaka thelathini. Tena, nyumba ya Gaby ni ya watu wenye nafasi. Yule mtoto wa shambani aliyepokonywa baiskeli anapita katika kurasa chache asionekane tena, nasi hatuambiwi vita vilimfanya nini. Laiti tungeisikia sauti yake.

Je, Gaby alisalimika? Mwilini, ndiyo. Bibi Economopoulos, jirani yao Mgiriki, alimwazima vitabu vilivyompa pa kukimbilia milango ilipofungwa. Hatimaye alipelekwa Ufaransa pamoja na Ana. Lakini anaporudi Bujumbura baada ya miaka ishirini, anamkuta mama yake katika giza la kilabu cha pombe, mzee kabla ya wakati, naye anamwita kwa jina la mtoto wa jamaa yake aliyeuawa Rwanda. Mama yu hai, mwana yu hai, lakini mama hamtambui mwanawe.

Tunawashauri walimu wanaofundisha habari za vita wasiishie kuwauliza wanafunzi ni nani aliyeumia. Wawaulize pia ni nani aliyempa Gaby kiberiti, na ni lini angeweza kukataa. Mwanafunzi akitafuta jibu kwa makini atarudi nyuma hata kabla ya uchaguzi, hadi siku ya baiskeli, na pengine hadi katika uwanja wa shule yake mwenyewe, ambamo kundi humwambia mmoja: ukiwa wetu, mpige yule. Hapo ndipo kukataa kunapofundishika, kwa kuwa bado hakuna petroli iliyomwagwa.