Bwana wa Sura Nyingi

Mwaka 1963 televisheni ya Uingereza ilianza mchezo uitwao Doctor Who, habari za bwana asafiriye katika nyakati zote. Mwaka 1966 mchezaji wake, William Hartnell, alidhoofika kwa ugonjwa. Basi watungaji wakasema bwana huyo hugeuka mwili, akaingia mchezaji mwingine. Mwaka 1976 wakaweka mpaka: atageuka mara 12, kisha atakufa. Lakini mwaka uleule zilionekana sura nyingine zilizomtangulia yule wa kwanza. Wapenzi wa mchezo wakabishana miaka mingi: ni zake, au si zake? Mwaka 2020 wakajibiwa: ni zake, tena tangu asili hakuwa na mpaka. Hesabu imepatana, hadithi imepungukiwa. Maana asiyeweza kufa, akijitoa kwa ajili ya wenzake, ametoa nini?