Mgeni wa Dakika Chache: Tony Curtis katika Paris When It Sizzles

Jina la William Holden halihitaji utangulizi Nanyuki. Mwaka 1959, pamoja na Ray Ryan na Carl Hirschmann, aliinunua hoteli ya Mawingo na kuigeuza kuwa Mount Kenya Safari Club. Na baada ya kifo chake mwaka 1981, kituo cha elimu ya wanyamapori kilianzishwa huko kwa jina lake. Lisilotajwa sana ni kwamba yeye ndiye mhusika mkuu wa mojawapo ya tashtiti za Hollywood zilizopokelewa vibaya mno na wahakiki, yaani Paris When It Sizzles ya Richard Quine, iliyopigwa mwaka 1962 na kutolewa 1964. Wanaoikumbuka filamu hiyo aghalabu huikumbuka kwa sehemu yake ndogo, ile ya Tony Curtis, ambaye jina lake halimo hata katika orodha ya waigizaji. Je, sehemu hiyo inaitumikia tashtiti au inaihujumu?

Kisa ni chepesi. Richard Benson (Holden), mwandishi wa miswada ya filamu na mpenda ulevi, amebakiwa na siku mbili na hajaandika hata ukurasa mmoja. Anamwajiri mpigachapa, Gabrielle Simpson (Audrey Hepburn), na kila wanachokibuni kinatendeka mbele ya mtazamaji, wao wenyewe wakiwa wahusika. Mbinu hii George Axelrod, mwandishi wa muswada, aliitoa katika filamu ya Kifaransa ya Julien Duvivier ya mwaka 1952. Msomaji wa Mashetani (1971) ya Ebrahim Hussein hatashangazwa na mchezo ndani ya mchezo. Lakini kwa Hussein mchezo wa ndani huwarudia wanaoucheza: Juma na Kitaru hawatoki humo kama walivyoingia. Kwa Axelrod, karatasi ikichanwa kila kitu kimesahaulika.

Curtis anaingia kwanza kama mpenzi wa msichana, mwigizaji kijana anayejipenda kupita kiasi. Hadithi inapogeuzwa, anashushwa hadi kuwa polisi wa pili. Hapa ndipo filamu inapochekesha kwa haki. Nyota mkubwa wa wakati huo amepewa nafasi isiyostahili hata jina, ilhali sura yake yaendelea kulidai jina hilo kila inapoonekana. Ngazi za umaarufu, ambazo Hollywood huishi kwazo, zinawekwa wazi kwa muda mfupi.

Hata hivyo, waandishi wa maisha ya Holden wanaeleza kwamba Curtis aliletwa kwa haraka kwa sababu Holden alikuwa amelazwa kutokana na ulevi. Jambo hili si umbea tu. Mwigizaji mlevi alikuwa akimwigiza mwandishi mlevi. Kidonda ambacho tashtiti ilipaswa kukigusa kilikuwa pale pale mbele ya kamera. Badala ya kukigusa, filamu iliita mgeni. Na ikazidi kuita: Marlene Dietrich anateremka garini na kupita, sauti ya Frank Sinatra inaimba kidogo, Mel Ferrer, mume wa Hepburn wakati huo, anaonekana karamuni. Hata Givenchy anatajwa kwa mavazi na kwa manukato! Tashtiti haina budi kuwa na mtu ambaye kicheko kinamuuma. Humu kila anayechekwa amealikwa, na anacheka pamoja na wenyeji.

Ili kuona kilichopotea, yatosha kurejea Sunset Boulevard (1950) ya Billy Wilder, ambamo Holden huyo huyo anaigiza mwandishi wa miswada aliyekwama. Humo Buster Keaton anaketi mezani akicheza karata pamoja na nyota wengine wa enzi ya filamu bubu. Naye yupo kwa muda mfupi tu, lakini uso wake ni ushahidi wa namna tasnia inavyowatupa watu wake. Mtazamaji akimtambua, furaha ya kumtambua inageuka kuwa fedheha. Curtis hutambuliwa, na mambo yanaishia hapo.

Pengine ulinganisho ulio karibu zaidi na fasihi ya Kiswahili ni ule wa mshairi anayelitaja jina lake katika beti za mwisho za utenzi. Naye hujitokeza ghafla ndani ya kazi. Lakini hujitokeza ili awajibike kwa alichokisema, na mara nyingi huomba dua. Mgeni wa Axelrod hawajibiki kwa lolote. Ameingia, amepigiwa makofi, ametoka.

Wako wanaoitetea filamu hii kwamba ilitangulia wakati wake kwa kuuanika usimulizi. Utetezi huo una haki yake kuhusu fani. Kuhusu maudhui hauna uzito.

Mwaka huo huo wa 1962 Holden alionekana katika The Lion ya Jack Cardiff, iliyopigwa Kenya. Humo majina ya waigizaji Waafrika yaliorodheshwa, ilhali mtazamaji wa Marekani hakuwa na namna ya kuyahusisha na sura alizoziona. Kule Paris, Curtis hakuorodheshwa na kila mtu alimjua. Utambuzi ambao mzaha wa Axelrod unautegemea umejengwa nje ya filamu, na mabango, magazeti na fedha, na haugawiwi sawa. Mtazamaji wa Nanyuki anaweza kuitazama Paris When It Sizzles bila kumjua Curtis kabisa, akamwona polisi wa pili tu, huku akimtambua mara moja yule mwandishi mlevi: huyu ndiye mwenye hoteli.